Acha mpunga wenyewe useme unataka urea kiasi gani: mwongozo kamili wa kupima majani majarubani

Baba mkubwa wangu ana majaruba, yaani vipande vya mpunga vilivyozungushiwa matuta, huku Magu mkoani Mwanza, upande wa bonde la mto Simiyu, na kuna msimu aliona kona moja ya shamba imekuwa ya njano akasema mpunga una njaa, akafungua mfuko mzima wa urea akaumwaga kwenye nusu ekari, yote, kona yenye njano na sehemu zilizokuwa kijani vilevile. Baada ya siku kumi shamba likawa kijani kilichokolea kabisa, kila anayepita njiani anasimama kusifia. Alafu mvua ya upepo ikaja kutoka Ziwa Victoria wakati suke limeshajaza nusu, mpunga wote ukalala kwenye maji, na tulipovuna mapepe yalikuwa mengi kuliko punje. Ile kona ya njano sasa, ilibaki njano hadi mwisho. Haikuwa njaa, ilikuwa kimyanga, ugonjwa wa virusi unaogeuza majani ya mpunga kuwa njano.

Tangu hapo sisi kwenye kikundi chetu hatuweki mbolea ya kukuzia kwa kufuata kalenda wala kwa kuangalia jirani kaweka nini. Tunapima kijani cha majani kwa kimashine kidogo cha mkononi. Nimeulizwa sana namna ya kufanya kwaiyo naandika yote hapa, ni ndefu ila ukifuata taratibu utaweza hata kama hujawahi kushika kimashine chochote.

Kitu kimoja ukikishika hapa mengine yote yatakuwa rahisi: namba ya kwenye kimashine peke yake haikuambii kitu. Ukipima shamba ukapata 0.70 huwezi kujua ni nzuri au mbaya, mpaka uwe na sehemu ndogo ya shamba hilohilo, mbegu hiyohiyo, iliyopandikizwa siku hiyohiyo, ambayo wewe mwenyewe umeilisha ikashiba. Unalinganisha mwenye njaa na aliyeshiba, na hiyo ndo njia yote.

Hiki kimashine kinafanya nini

Naongelea sensa ya majani, sio sensa ya kuhesabu watu. Inayojulikana zaidi ni GreenSeeker ya kushika mkononi, ina kitufe kama cha bunduki, unabonyeza huku unatembea na ukiachia inakupa wastani. Chini yake inatoa mwanga wa aina mbili, mwekundu na infraredi ambayo macho yetu hayaioni. Jani lenye klorofili nyingi, ile rangi ya kijani ya jani, linameza ule mwekundu na linarudisha infraredi kwa wingi, na jani lenye njaa linameza kidogo. Kimashine kinachukua infraredi iliyorudi kinatoa nyekundu iliyorudi, alafu kinagawa kwa jumla ya zote mbili. Mfano infraredi ikirudi 50 na nyekundu 6, ni 44 gawanya kwa 56, unapata karibu 0.79. Hiyo namba ndo inaitwa NDVI. Kwa sababu kina mwanga wake chenyewe hakijali kama kuna wingu au jua, hiyo ni faida kubwa kwetu msimu wa mvua.

Njia hii ya kupima kisha kulinganisha na ukanda ulioshiba ilipata umaarufu kupitia Chuo Kikuu cha Oklahoma State kule Marekani, walianza na ngano, na sasa inatumika kwenye mahindi na kwenye kanola ya Kanada, ile mbegu ya mafuta yenye maua ya njano. Wa kanola wana sheria moja ambayo nimeipenda: wanapima kabla maua hayajatoka, kwa sababu ua la njano linarudisha mwanga mwekundu, namba inashuka na shamba linaonekana lina njaa wakati halina. Na sisi mpunga ukishatoa masuke usipime, unasoma masuke badala ya majani.

Bei ya kimashine ni mamia ya dola, mkulima mmoja wa ekari mbili asijisumbue kununua peke yake. Sisi ni kikundi, kimoja kinazunguka kwa wote, maana kila mtu anakihitaji asubuhi moja au mbili tu kwa msimu. Kama hamna uwezo huo, kadi ya rangi ya majani inafanya kazi nzuri, nitaieleza huko chini.

Hatua ya kwanza: tenga sehemu ya kushiba

Hii inafanyika mapema, sio siku ya kupima. Ukishapandikiza miche na ikashika, chagua sehemu ya mita 10 kwa mita 5 ndani ya jaruba linalofanana na shamba lote. Nasisitiza linalofanana. Msimu wetu wa kwanza tulitenga pale palipokuwa pazuri kuliko pote, mpunga ukapanda kama mwanzi, tukapima tukaona shamba zima lina njaa kali. Mama mmoja wa kikundi akauliza, hivi hapa si ndo palikuwa zizi la ng'ombe la marehemu mzee? Kweli palikuwa zizi. Ule mpunga ulikuwa umekula samadi ya miaka, fosforasi, zinki na kila kitu, kwaiyo tofauti tuliyoiona haikuwa ya naitrojeni, kile kirutubisho cha kwenye urea, peke yake. Tukaanza upya msimu uliofuata. Usitenge kwenye zizi la zamani, usitenge kwenye kichuguu kilichosawazishwa, wala pale maji yanapoingilia kutoka shamba la jirani maana na mbolea yake inaingia nayo.

Kama shamba lako lina udongo wa aina mbili, huku juu luseni ya mchanga na huko chini mbuga nyeusi ya mfinyanzi, tenga sehemu mbili. Mbuga na luseni hazilishi mpunga sawa, ukilinganisha mpunga wa luseni na ulioshiba wa mbuga umejidanganya.

Hiyo sehemu izungushie katuta kadogo ka udongo, kakandamize vizuri, maana urea inayeyuka na maji ya jaruba yanatembea. Bila katuta utalisha jaruba zima kidogo kidogo na hutapata wa kulinganisha naye.

Mbolea ya kupandia weka sawa na shamba lingine, kama ni DAP basi DAP kiasi kilekile. Tofauti iwe urea tu. Kwa mita za mraba 50 nenda dukani upimiwe urea kilo 1.6 kwenye mizani, gawa mafungu mawili ya gramu 800. Fungu la kwanza weka siku ya 10 hadi 14 baada ya kupandikiza, la pili siku ya 25 hivi. Ukiipigia hesabu ni kama kilo 130 kwa ekari, ni nyingi makusudi, hapo hutafuti faida unatafuta mpunga ambao una uhakika haujapungukiwa. Ni vimita vichache tu. Chomeka mti mmoja wenye kitambaa usisahau palipo.

Na kando yake, ukiweza, acha kipande cha mita 3 kwa 3 ambacho hutakiwekea urea kabisa. Wengi hawapendi hiki, wanaona ni kuutesa mpunga, ila kitakuambia udongo wako wenyewe unatoa nini.

Shamba lililobaki endelea kama kawaida na urea ya kwanza. Sisi tunaweka nusu mfuko kwa ekari, kilo 25, wiki ya pili hadi ya tatu baada ya kupandikiza, wakati mpunga unatoa machipukizi. Kwa wasiojua ekari yao, hatua 70 kwa 70 za mtu mzima ni ekari moja, robo ekari ni hatua 35 kwa 35.

Hatua ya pili: ijue siku ya kupima

Hapa ndo wengi wanakosea, na ndo hatua ninayoipenda kuliko zote.

Siku ya kupima ni pale mpunga unapoanza kutunga suke ndani ya shina, kabla hujaona dalili yoyote kwa nje. Kwa mbegu ya siku 120 kama SARO 5, ukipandikiza miche ya wiki tatu, inaangukia kama siku ya 35 hadi 40 baada ya kupandikiza, ila usitegemee kuhesabu siku, baridi na ukame vinasogeza. Ng'oa shina moja kubwa la katikati, lile shina-mama, lioshe, chukua wembe mpya, lipasue kwa urefu kuanzia kwenye mizizi kwenda juu. Taratibu. Utaona vifundo vimekaribiana pale chini, na juu ya kifundo cha mwisho kabisa angalia kama kuna kitu cheupe chenye manyoya manyoya, kidogo kama kichwa cha kiberiti kilichosagika, milimita moja au mbili. Hilo ndo suke lako. Mara ya kwanza nilipoliona nilimwita mke wangu shambani aje aone, kwa sababu kila punje tutakayokula inaanzia hapo na miaka yote tulikuwa tunapita juu yake bila kujua.

Pasua mashina matano kutoka sehemu tofauti. Ukikuta matatu yana hicho cheupe, pima ndani ya siku mbili tatu. Ukiwahi sana mpunga bado haujafunika maji na kimashine kinasoma maji na matope. Ukichelewa, majani yamefunika kila kitu na namba zinagota kwenye 0.85 kwenda juu, hapo aliyeshiba na mwenye njaa kidogo wanaonekana sawa.

Hatua ya tatu: kupima kwenyewe

Palilia kwanza. Kimashine hakijui gugu na mpunga, kinaona kijani tu, ukipima shamba lenye magugu utaambiwa mpunga umeshiba kumbe ni ndago zimeshiba. Maji yawe kimo kilekile kwenye sehemu ya kushiba na kwenye shamba. Subiri umande ukauke, saa tatu nne asubuhi ni sawa.

Kimo cha kushika: kati ya sentimita 60 na 120 juu ya majani, ila ukichagua kimoja ubaki nacho. Sisi tumefunga kamba ya sentimita 80 chini ya kimashine na nati ndogo mwishoni, unatembea nati inagusa ncha za majani, ikining'inia hewani uko juu sana, ikizama uko chini. Ni kitu kidogo ila ndo kimetuondolea ugomvi wote wa mbona yako inasema hivi na yangu vile. Kishike kikiwa kimelala sawa, kisielekee mbele, na kisiwe karibu na miguu yako wala juu ya tuta.

Anza na sehemu ya kushiba, ruka nusu mita za pembeni, bonyeza tembea mita 8, achia, andika. Rudia mara tatu. Alafu nenda shambani, kila jaruba pitia mistari mitatu, andika wastani wa kila jaruba peke yake. Usichanganye majaruba yote kuwa namba moja maana hapo umepoteza faida yenyewe.

Hatua ya nne: hesabu na uamuzi

Chukua namba ya jaruba gawanya kwa namba ya sehemu iliyoshiba. Basi.

Mfano wetu: iliyoshiba ilisoma 0.78, 0.80 na 0.79, wastani 0.79. Jaruba la juu 0.70. Gawanya, 0.89. Jaruba la chini kwenye mbuga (lilikuwa na sehemu yake ya kushiba, nayo ilisoma 0.79) likatoa 0.76, jibu 0.96.

Kwenye kikundi tunaamua hivi: jibu likiwa 0.95 kwenda juu, hatuweki kitu, urea inarudi stoo. Likiwa kati ya 0.90 na 0.95 tunaweka robo mfuko kwa ekari, kilo 12 na kidogo. Chini ya 0.90 tunaweka nusu mfuko. Likishuka chini ya 0.75 hatufungui mfuko kwanza, tunaenda kuangalia mpunga unaumwa nini. Hivi ni viwango vyetu, wewe anza navyo alafu virekebishe kwa mavuno yako mwenyewe.

Kwaiyo jaruba la juu lilipata nusu mfuko kwa ekari na la chini halikupata kitu, na hilo la chini lilimuumiza sana mwenye shamba, alikuja jioni ananiuliza, kijana una uhakika? Nikamwambia baba, twende tukaangalie tena pamoja. Tukapima tena mbele yake, ikatoka ileile. Urea ina naitrojeni asilimia 46, yaani mfuko wa kilo 50 una kilo 23 tu za kitu unachokinunua, hata kama ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/2023 imetupunguzia bei, kumwaga pale pasipohitaji ni kuutafutia mpunga ugonjwa wa blasti na kulala.

Njano isiyo ya njaa

Kimashine kinasema kijani kimepungua, hakisemi kwanini. Kwanini unaitafuta wewe kwa macho. Naitrojeni ikipungua majani ya chini yaliyozeeka ndo yanaanza njano, kwa sababu mmea unainyang'anya ya zamani kulisha changa. Ikiwa majani machanga ya juu ndo ya njano na ya chini bado kijani, fikiria salfa, hapo mbolea ya SA (salfeti ya amonia) inasaidia kuliko urea kwa kuwa ina salfa ndani. Madoa ya kutu kwenye majani na mpunga kudumaa wiki ya pili hadi ya nne baada ya kupandikiza, hiyo mara nyingi ni zinki. Na kimyanga kina michirizi na mabaka ya njano na kijani kwa kufuata urefu wa jani, kinasambazwa na mbawakawa wadogo, na hakuna urea inayokitibu. Ugonjwa huu ni wa kwetu kabisa, uliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1966 kwenye mwambao wa ziwa hilihili upande wa Kisumu, Kenya. Ng'oa mashina yenye ugonjwa, msimu ujao badilisha mbegu.

Kama huna kimashine

Kadi ya rangi ya majani ilisambazwa na taasisi ya utafiti wa mpunga, IRRI, ya Ufilipino, ni plastiki yenye vipande vinne vya kijani kutoka kilichofifia hadi kilichokolea. Muulize bwana shamba wako, au ukiwa upande wa Misungwi ulizia kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru. Anza siku ya 14 baada ya kupandikiza, rudia kila siku 7 hadi 10 mpaka maua ya kwanza. Chagua mashina kumi yenye afya, kwa kila moja chukua jani la juu kabisa lililofunguka lote, usilikate, lilaze katikati yake juu ya kadi, na ligeuzie mgongo jua ili kivuli chako kilifunike. Mtu awe mmoja na saa iwe ileile kila wiki, jicho langu na lako haviko sawa. Kwa mpunga wa kupandikiza mpaka wake ni namba 4, majani sita au zaidi kati ya kumi yakiwa chini ya hapo mpunga unataka mbolea. Hata na kadi, mimi bado napita kwanza kwenye sehemu ya kushiba.

Picha ya simu usiitegemee, simu inarekebisha rangi yenyewe bila kukuuliza. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure na zinapita kila siku tano, ila msimu wetu mawingu yanaziba, na kila kadoti kake ni mita 10 kwa 10, jaruba la mita 20 linabaki vidoti vinne.

Hatua ya tano: kuiweka isipotee

Punguza maji yabaki sentimita mbili tatu, ziba matoleo yote, mwaga jioni majani yakiwa makavu maana chembe zikinata kwenye jani bichi zinaunguza. Ukimwaga juu ya maji mengi mchana wa jua, mwani wa kwenye maji unabadilisha maji na naitrojeni inapanda hewani kama amonia. Siku tano zinazofuata usifungulie maji. Kama wingu zito limeshajikusanya upande wa ziwa, subiri, urea ikisombwa inaingia mtaroni, mtaro unaingia Simiyu, Simiyu inamwaga Ghuba ya Speke, na tunawajua ndugu zetu wavuvi wanavyohangaika na gugu maji na maji ya kijani. Gugu hilo linakula mbolea kama mpunga unavyokula.

Siku ya kuvuna kata mita moja ya mraba kutoka sehemu ya kushiba, nyingine kwenye kile kipande kisichowekewa kitu, na moja kwenye kila jaruba, piga, peta, anika, pima kila moja peke yake. Andika kwenye daftari pembeni ya zile namba za asubuhi ya kupima. Mwaka jana jaruba letu la chini ambalo halikupata urea ya pili lilitoa sawa kabisa na sehemu iliyoshiba, na mwenye shamba ndo aliyeshika mizani.